Laptopu ya Msoma Salamu

Sogeeni mbele kidogo, jamaa zangu. Nyinyi mlioegemea nguzo kule nyuma, nguzo haianguki, iacheni mje. Ahsanteni kwa kubaki baada ya Alasiri. Najua wengine mmebaki kwa imani, na wengine mmebaki kwa sababu jua la nje bado kali na humu ndani kuna feni. Wote karibuni, sitawaweka sana.

Leo nawapigia mfano. Mfano, nasema, si habari. Asitoke mtu hapa akaanza kumdokeza mwenzake, "Hivi yule si yule wa mtaa wa pili?" Majina ya wenyewe sitaji, maana mfano ukishatiwa jina unageuka umbea, na umbea mnao wa kuwatosha.

Kulikuwa na mtangazaji mmoja wa redio katika mji mmoja wa pwani. Redio yenyewe ndogo, ukitoka nje ya wilaya inakoroma tu. Lakini ndani ya wilaya ilisikilizwa, na ilisikilizwa kwa ajili ya huyo mtu. Kazi yake ilikuwa kusoma salamu. Mnazijua salamu za redioni: "Mimi fulani wa mahali fulani, salamu zangu ziwafikie fulani na fulani, ujumbe wangu ni huu." Katikati zinapigwa nyimbo. Hizo nyimbo mimi sizisemi, leo si siku yake.

Mtu atadhani kusoma salamu ni kazi rahisi. Haya, jaribu. Watu wanatuma kwa simu, nukta hakuna, herufi kubwa hakuna, majina yameshikana na vijiji, hujui mjomba anaishia wapi na Maramba inaanzia wapi. Huyu bwana alikuwa anaupokea mkorogo ule, anaunyoosha mdomoni mwake papo kwa papo, na unatoka msafi. Alikuwapo bibi mmoja wa Pongwe, tumwite Mwanamtama Shekue, ambaye kila wiki aliwatumia salamu wakwe zake, na kila wiki aliziandika kwa hasira. Zikifika kwa mtangazaji zinatoka zina adabu. Wakwe wakawa wanamsifu mkaza mwana wao kwa maneno ambayo hakuyasema. Hiyo nayo ni suluhu kati ya watu, msiidharau.

Basi macho yakaanza kumwacha. Presha ya macho, ugonjwa unaoingia kimyakimya. Alianza kwa kuisogeza karatasi karibu, akaja akawa anausogeza uso wake, mwisho pua inagusa kioo cha kompyuta na bado haoni kitu. Hospitali wakamwambia ukweli: kilichokwenda kimekwenda. Pale redioni wakajaribu kumwekea mtu wa kumsomea sikioni. Haikufaa. Yule msomaji ana kikohozi chake na chafya zake, na maikrofoni haina haya, inasema yote.

Meneja wa redio alikuwa mama mmoja mtu mzima, si mtu wa maneno mengi. Akamwita akamwambia, "Kaka, kiti chako kipo. Nitamweka kijana akishikilie tu. Siku hizi ziko laptopu zinazosoma kwa sauti kila kilichoandikwa. Ukipata yako, utavaa hedifoni, yenyewe itakunong'oneza, wewe utawaambia watu. Siku utakayoipata, njoo. Hata barua usiandike, njoo tu."

Mmeona hali ilivyo? Mtu hakufukuzwa. Mtu ana ulimi wake, ana akili yake, kiti chake kinamsubiri. Kati yake na kiti kimesimama kitu kimoja tu, laptopu yenye mdomo. Akiipata amerudi kazini. Asipoipata, ni baraza na ukuta mpaka siku ya kuitwa.

Na alikuwa na kaka. Kaka mkubwa, mwenye duka la mbao, mtu wa heshima zake. Baba yao alipofariki huyu ndiye aliyemlea mdogo wake, akamsomesha, akamwoza. Akasema mbele ya jamaa wote, "Hiyo laptopu ni juu yangu. Na sitamnunulia ndugu yangu kitu cha kubabaisha." Watu wakasema mashaallah, kaka ndiyo huyu. Na mimi ningekuwapo ningesema vilevile.

Wakaenda dukani, kaka amemshika mdogo wake mkono. Muuza duka akaiwasha laptopu, akaandika salamu moja ya kujaribia. Mtangazaji mwenyewe ndiye aliyemtajia maneno: "Mimi Mwanamtama Shekue wa Pongwe, nawasalimu wakwe zangu, ng'ombe wangu amezaa."

Laptopu ikasoma. Lo! Ilisoma kama mtalii aliyeshuka jana. Mwanamtama ikamvunja vipande, ng'ombe ikamwita n'gombei, na hao wakwe sijui ikawageuza kitu gani, mimi hata kuiga siwezi.

Sasa nyinyi watu wa pwani nawajua. Kwenye Kiswahili hamna msamaha. Mimi nilipoletwa hapa kutoka bara, ile hotuba yangu ya kwanza tu, mzee mmoja alinifuata mpaka mlangoni. Nikafurahi, nikasema moyoni, maneno yamemwingia huyu. Kumbe anataka kuniambia kwamba "dhambi" nimeitamka "zambi". Dhambi zenyewe hana habari nazo, anashughulika na herufi dhali. Basi fikirini wenyewe yule kaka, mtu wa hapa hapa, anasikia mashine inasema n'gombei.

Kwanza alicheka. Halafu akaona muuza duka naye anacheka, na wateja wawili waliokuwa mle ndani wanacheka, uso ukambadilika. "Hii ndiyo itakayokaa masikioni mwa ndugu yangu? Unajua huyu ni nani, wewe?"

"Namjua, mzee, nani asiyemjua," akasema muuza duka. "Ndiyo maana nakwambia kweli. Ipo hii, na ipo inayokuja. Inayokuja wameitia sauti mpya, utadhani kuna mtu kakaa mle ndani. Ila hii ya sasa haiwezi kuibeba sauti ile. Ukinunua hii, umebaki na sauti hii."

"Inakuja lini?"

"Karibu tu."

Karibu ya muuza duka mnaijua nyote. Fundi cherehani wako anayo, na fundi wako wa makabati anayo.

Mtangazaji muda wote alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Akasema polepole, "Kaka, mimi nimeielewa."

"Umeelewa nini? Hii si lugha!"

"Nimeelewa kilichoandikwa. Kinanitosha hicho. Yenyewe itasema na mimi, mimi nitasema na watu."

"Wewe ulimi wako ule, ushinde siku nzima na uchafu huu sikioni? Utakuambukiza. Halafu watu waseme nini, kwamba kaka yake kamnunulia kibovu kwa sababu haoni?" Akamshika mkono. "Tunangoja inayokuja. Subira huvuta heri."

Mtangazaji akanyamaza. Kwa nini alinyamaza, na jambo ni la maisha yake? Nyinyi mnajua kwa nini. Kwetu mdogo hambishii kaka yake mbele za watu, tena kaka aliyemlea, tena dukani. Na kitu cha kupewa hakihimizwi. Ukihimiza zawadi, umegeuka mdai. Kwa hiyo alimeza maneno yake kwa adabu, wakarudi nyumbani. Adabu ni nzuri, lakini siku ile ilimponza.

Wakangoja. Ramadhani ikaja ikapita. Muuza duka akapiga simu, "Mzee, imefika!" Kaka akaenda, safari hii peke yake, akaisikiliza. Kweli, sauti ilikuwa nzuri mara kumi kuliko ya kwanza. Akaijaribu kwa yale yale ya Mwanamtama. Ng'ombe ikampata. Pongwe ikaipata. Ilipofika kwa Mwanamtama mwenyewe ikajikwaa kidogo, kidogo tu.

Kaka akatikisa kichwa. "Karibu. Bado."

Muuza duka naye mfanyabiashara, hawezi kukosa neno. "Basi kuna nyingine njiani, mzee. Wanasema hiyo hata majina ya watu wa huku inayajua."

"Ndiyo hiyo nitakayoinunua."

Sasa sikilizeni barazani kulikuwaje. Mtangazaji amekaa na redio yake ndogo, anasikiliza kipindi chake kinavyosomwa na yule kijana. Kijana hana baya, ila anasoma kama anayevuka mtaro. Wakwe wa Pongwe sasa wanazisikia salamu za Mwanamtama jinsi alivyoziandika, na nasikia mambo hayakuwa mazuri. Wapita njia wanasimama, "Bwana, tunakungoja wewe!" Naye anajibu, "Inshaallah, kaka yangu analishughulikia." Akisema hivyo anasifu, hasemi kwa kejeli. Lakini mkewe alikuwa anamwona. Alikuwa anamwona anavyotafuna midomo kila jina linapokosewa, na anavyozima redio kabla kipindi hakijaisha.

Mke akamwambia, "Mwambie kaka yako."

"Nimwambieje? Nimwambie nimechoka kungoja hisani yake?"

"Basi nitamwambia mimi."

Akajitanda akaenda duka la mbao. Alipofika akaamkia, akakaribishwa kiti, akaagiziwa na soda. Akasema, "Shemeji, ile ya kwanza ilikuwa inatosha."

Shemeji akacheka, cheko la mtu mwenye mapenzi. "Shemeji yangu, wewe ni mpishi. Pilau nzuri haipikwi kwa pupa."

"Ndiyo, shemeji. Lakini mwenye njaa namwonjesha ukoko."

Kaka akasema jambo jipya linakaribia sana, avumilie kidogo, na Mungu yu pamoja na wanaosubiri. Mke akamaliza soda yake, akaaga. Unamjibu nini mtu ambaye kila anachokunyima anakunyima kwa sababu anakupenda?

Mara yule kijana aliyeshikilia kiti akapata kazi mji mkuu, akaondoka. Salamu zikasimama. Wiki zinapita hazisomwi, simu zinaingia, watu wanalalamika, wenye matangazo ya biashara wanauliza. Kiti kitupu.

Halafu, alhamdulillahi, ikatoka ile iliyongojewa. Kaka akaisikiliza dukani mara moja, mara mbili, machozi yakamlenga. Mwanamtama ilimtamka kama aliyemzaa. Akanunua palepale, akaipeleka nyumbani, jamaa wakaitwa, ikawekwa juu ya meza katikati ya sebule. Ikasoma. Watu wakapiga vigelegele, nakwambieni, kwa mashine! Mtangazaji akaishika kwa mikono miwili, akasema, "Ee Mola, kumbe inawezekana." Akamwombea kaka yake dua ndefu, wote wakaitikia amina. Kaka akawatazama watu, akasema, "Mnaona? Ningewasikiliza nyinyi, leo angekuwa na lile dude." Kila mtu akakubali kwamba kaka alikuwa na haki.

Kesho yake asubuhi mtangazaji akavaa kanzu mpya, akanukia, akashikwa mkono na kaka yake mpaka redioni, na laptopu kwenye begi begani kwa kaka. Walinzi wakasimama kumwamkia. Wakapita koridoni, ambako kuna spika ukutani inayotoa kinachorushwa hewani. Kipindi cha salamu kilikuwa kinaendelea.

Mtangazaji akasimama. Akainua kichwa. Sauti ilikuwa inasoma bila kukimbia, bila kukwama, kila kijiji kwa jina lake. "Mimi Mwanamtama Shekue wa Pongwe, nawasalimu wakwe zangu." Hata hasira ya bibi yule ilikuwa imepunguzwa, sijui vipi.

Meneja akatoka ofisini kwake, akamkuta amesimama pale. Hakusema karibu.

Mtangazaji akamsikia mlango, akatabasamu. Akasema, na hakuwa na wivu hata chembe, "Dada, umepata mtu. Anasoma vizuri huyu, masikio yangu yameridhika. Ni mtoto wa nani?"

Meneja akamtazama kaka, akalitazama begi. Akasema, "Kaka yangu, huyo unayemsikia ndiye huyo mliyemleta begani."

 Spika inaendelea, salamu za Mabokweni.

"Wauzaji waliniletea jana, leo ndiyo siku yake ya kwanza hewani," meneja akasema. "Sikumtoa mtu kitini, Mungu shahidi yangu. Kiti kilikuwa kitupu. Ungekuwa umekaa wewe, na ile mbovu yako sikioni, nani angekuja kuniambia nikutoe nimweke huyo? Ningemfukuza. Lakini nilikungoja, kaka. Nilikungoja mpaka nikaulizwa na wakubwa zangu ninangoja nini, nikakosa jibu."

Kaka akaanza kusema kwamba ndugu yake ana hiki na kile, ana uzoefu, ana jina, watu wanampenda. Meneja akawa anaitikia kila kimoja, ndiyo, ndiyo, ni kweli. Ukiona mtu anakubali kila unachosema na hakupi unachotaka, jua jambo limekwisha.

Mtangazaji akauweka mkono wake ukutani, akatafuta pa kuegemea. Akasema, "Kaka. Ile mbovu ilikuwa inanihitaji."

 Na yule kaka, mtu mzima, mwenye duka, mwenye sauti yake mjini, akalia palepale koridoni watu wanapita.

Mfano wangu umeishia hapo. Msiniulize baadaye alifanya kazi gani, sijui, mimi nimewaunda tu, na nimewaacha koridoni kwa makusudi.

Sasa najua wako wanaosema moyoni, "Ustadhi anapiga vita mashine." Sina vita na mashine. Hii maikrofoni ni mashine. Na wako wanaosema, "Fundisho ni tusichelewe." Hilo mnalijua tangu utoto, mna na methali yake, kama mlivyo na methali ya kungoja. Mna methali ya kila uvivu na ya kila pupa, mnachomoa inayowafaa siku hiyo. Mimi sikukaa hapa kuwaambia chelewachelewa.

Mimi nauliza hivi. Kaka alimpenda ndugu yake au hakumpenda? Alimpenda. Hilo halina shaka, na ndilo linaloniuma katika mfano huu. Lakini pale dukani, watu walipocheka, alikuwa analinda nini? Masikio ya ndugu yake, ambaye amesema waziwazi kwamba ameelewa na inamtosha? Au uso wake mwenyewe? Hakutaka kuonekana na kitu chenye kasoro mkononi. Akamwacha ndugu yake gizani ili yeye asichekwe. Na akauita ule uoga subira, na sisi tukamsifu.

Tunapenda kusema tunangoja kilicho bora. Mwenzangu mmoja hapa hasemi na mdogo wake, miaka inakwenda. Ukimuuliza, "Namngoja abadilike kwanza." Akishabadilika, akawa mtu wa maana, mpole, mkarimu, mwenye kusamehe, atakuwa na haja gani na wewe? Atakuwa na marafiki tele. Sasa hivi, akiwa mkorofi na mlevi na hakuna anayemtaka, ndiyo siku anayomhitaji ndugu.

Na madrasa yetu hii hapa nyuma. Watoto wamekaa bila mwalimu tangu lini? Kwa nini? Kwa sababu kamati inamngoja aliyesoma Madina. Binti wa jirani amehifadhi Kurani, yuko tayari, mmesema tajwidi yake haijakaa sawa, matamshi hayajanyooka. Haya, ngojeni. Siku akija huyo wa Madina, atawakuta watoto wana ndevu.

Na wewe unayesema, "Nikiacha kwanza jambo langu fulani, ndipo nitaanza kuswali." Huyo ndiye namwonea huruma kuliko wote. Unangoja uwe mzima ndipo umwendee tabibu. Unataka kumpelekea Mola mja aliyekwisha kutengenezwa. Nani kakutengeneza, basi, kama bado hujakwenda?

Kitu kikiwa na kasoro, jamaa zangu, kasoro ile ndiyo nafasi yetu. Hapo ndipo mkono wa mtu unapoingia. Laptopu ile ya n'gombei ilikuwa na tundu kubwa, na tundu lile lilikuwa na ukubwa wa yule mtangazaji hasa. Angekaa humo maisha yake yote akafanya kazi. Walipoliziba tundu, wakaziba na mahali pake. Sisi tunapita duniani tunakataa kila chenye tundu, mke mwenye tundu, mtoto mwenye tundu, jirani, jamaa, msikiti, halafu tunalia kwamba hatuna mahali, hakuna anayetuhitaji. Mahali tulipewa. Tulipakataa kwa sababu hapakuwa pazuri.

Na kilichokamilika? Kilichokamilika kitakuja, sikatai. Kitakuja kizuri kuliko ulivyoota, na kitakupita koridoni bila kukuuliza jina.

Basi. Kuna mtu humu amekwisha kumfikiria mtu wake, naona machoni. Mama uliyemwekea kinyongo, mwanao uliyemfungia mlango, rafiki uliyemwambia rudi ukiwa na akili. Bado ni mbovu, ndiyo, najua, hujaniambia jambo jipya. Magharibi iko mbali na nimekwisha kusema yangu. Wasio na mtu wa kumwendea wabaki tuongezane dua. Wenye naye, viatu vyenu viko mlangoni.